Nani Ale Kwanza

Nilimwangusha mke wangu siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, kati ya kitanda na kiti. Hakuanguka kwa kishindo. Magoti yangu yalilegea, nami nikashuka naye taratibu hadi sakafuni, kama mtu ateremshaye gunia asilotaka lipasuke. Tukakaa pale, mgongo wake kifuani pangu, miguu yetu minne imenyooshwa mbele. Upande wake wa kulia ulikuwa na ganzi tangu apigwe na kiharusi miezi saba nyuma. Mimi sikupigwa na kitu, walakini sikuhisi maumivu, wala aibu, wala hofu. Nilizihesabu nyufa za sakafu huku nikigonga ukuta kwa bakora, mpaka jirani yetu mshonaji akasikia, akaja tukamwinua wawili.

Jumamosi yake alikuja mwanangu wa kwanza pamoja na nesi wa kliniki. Mwanangu hakuketi.

"Baba, siku nyingine mtavunjika nyonga wote wawili. Kuna nyumba ya kulelea wazee, nimeshaongea nao. Mama atatunzwa."

"Mama yako ana nyumba."

"Anayo, ila hana wa kumwinua."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," nikamwambia. "Umemwinua mara ngapi wewe?"

Nesi, mwanamke wa maneno machache, akaamua baina yetu. Alitoa majuma kumi na mawili. Siku ya mwisho angekuja kunitazama nikimhamisha mke wangu kutoka kitandani hadi kitini, mara tatu, peke yangu, bila kutetereka. Nikishindwa, mama wa watoto wangu angeondoka siku hiyo hiyo.

"Nenda jimu, Mzee," akasema akifunga mkoba wake. "Mapaja yako yamekwisha."

Nikaenda. Jimu yenyewe ilikuwa juu ya duka la vigae, ngazi kumi na tisa, chumba kirefu chenye vioo ukuta mmoja na harufu ya mpira na jasho. Mwalimu wake ni binti mfupi mwenye sauti ya mnada, ambaye wote humwita Kocha; siku ya kwanza nilimweleza habari za nesi na mwanangu. Siku tatu kwa juma, saa moja asubuhi, mshonaji alihamishia kushona kwake chumbani kwetu ili amtazame mke wangu, nami nikipanda ngazi zile.

Nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo kwa miaka thelathini na mmoja. Siku ya kwanza Kocha aliponipa chuma kilichoandikwa kilo kumi, nilimwambia hakifiki. Siku ya pili nilikuja na mizani yangu ya kuning'iniza. Kilikuwa kilo tisa na gramu mia sita. Vijana walicheka hata wakaweka vyuma chini, na tangu siku hiyo jina langu likawa Mzee Mizani.

"Shikamoo, Mzee Mizani!" Huyo ni Bonge, mpana kuliko mlango, ambaye hatembei bila chupa yake ya unga wa protini uliokorogwa. "Leo tumepunjwa gramu ngapi?"

"Marahaba. Wewe hukupunjwa. Wewe ulizidishiwa."

Niliyasema hayo bila kutabasamu, wakadhani ndio utani wangu. Sikuwa na utani. Niliketi na kusimama, niliketi na kusimama, chuma kimekumbatiwa kifuani, nikihesabu. Kila niliporudi nyumbani nilikuwa nimechoka kuliko siku iliyotangulia.

Juma la tano Kocha alichukua utepe wa kupimia, ule ule wa mshonaji yeyote, akalizungushia paja langu. Akatazama daftari lake. Akapima tena.

"Limepungua," akasema. "Sentimita moja na nusu. Mzee, unafanya kila ninachokuambia, tena kwa uaminifu kuliko hawa. Unakula saa ngapi?"

"Jioni saa kumi na mbili. Kisha saa nne asubuhi."

"Saa nne ya kesho yake? Na hapa unakuja saa moja, na tumbo tupu?"

"Kama unionavyo."

"Hiyo saa nne unakula nini?"

"Anachobakiza mke wangu."

Bonge alisitisha kunywa. Kocha akanivutia benchi, akaniketisha, naye akachuchumaa mbele yangu kama mtu anayemfunga mtoto viatu.

Nilimweleza, kwa kuwa aliuliza kwa heshima. Katika shule niliyosomeshwa nilikuwa kiranja wa bwalo, na sheria ya bwalo ilikuwa moja: mwenye kugawa hula mwisho, akikosa amekosa. Wamisionari waliotufundisha walikuwa watu wagumu, lakini wao wenyewe waliishika. Kisha mke wangu alipougua, siku nne hakuweza kumeza hata maji. Nilisimama kando ya kitanda chake hospitalini nikaweka nadhiri kwamba asubuhi hakitaingia kinywani mwangu kitu ambacho hakijapita kinywani mwake. Tangu arudi, namlisha kwanza. Hula polepole, saa moja na nusu. Daima huacha nusu ya yai na nusu ya mkate, kwa kuwa hana hamu. Kutupa chakula ni dhambi. Nakula hicho.

"Nusu yai," Kocha akasema.

"Na nusu mkate."

"Sasa nisikilize, babu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Chako wewe kimeingia hadi chini ya ngozi. Ukilala njaa, ukaamka njaa, ukainua chuma na njaa, mwili utatafuta chakula popote. Umekuta misuli, umekula misuli. Mazoezi ni kubomoa ukuta. Matofali ya kuujenga tena ni protini, na wewe hujaleta matofali."

"Mpe unga, Kocha," Bonge akadakia. "Nusu saa baada ya zoezi mlango unafungwa! Ukichelewa, jasho lote la bure."

"Nyamaza wewe, hakuna mlango wala bawabu. Saa si uchawi. Ila misuli ya mzee ni kiziwi, Mzee Mizani. Ya kijana unainong'oneza. Yako lazima uipigie kelele, tena mara tatu kwa siku. Saa moja kabla ya kuja hapa, wanga kidogo: ndizi, kipande cha mkate. Hiyo ni ya kukufikisha. Ukitoka, isipite saa moja au mbili, protini ya kutosha: mayai matatu na kikombe cha maziwa. Mchana maharage au samaki, jioni vivyo hivyo. Unga sikupi."

"Ukisema nikitoka, maana yake nile kabla yake."

"Maana yake ule kabla yake."

"Hilo halitawezekana."

Alinyanyuka, akakunja utepe wake kidoleni. "Basi mwanao akaandae gari," akasema. "Gunia tupu halisimami, Mzee, hata liwe na nadhiri."

Ningekuwa kijana ningekasirika. Nilishuka ngazi kumi na tisa nikiwa nimeshika ukuta.

Nilikaa siku mbili na jambo lile. Nililipima kama nilivyopima mizani za wafanyabiashara, jiwe upande huu, bidhaa upande ule. Nadhiri ni nadhiri. Lakini niliiweka ili nimtunze, na sasa ndiyo itakayomtoa nyumbani. Alfajiri ya siku ya tatu, saa kumi na mbili, nilisimama jikoni nikala ndizi na kipande cha mkate mkavu, mgongo nimeupa mlango. Havikuwa na ladha. Nilivitafuna kama mtu anayetafuna karatasi. Saa mbili niliporudi kutoka jimu nilikaanga mayai matatu, nikayala pale pale kwenye jiko, nikanywa maziwa. Ndipo nikatengeneza sinia yake: yai, mkate, chai.

Mshonaji, akisaidiwa na binti yake mwenyewe, alikuwa amekwisha kumwinua, mke wangu ameketi kitini karibu na dirisha. Nilivuta kigoda. Nilipoinua kijiko aliuzuia mkono wangu kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akanitazama usoni. Akanyoosha kidole, akagusa pembe ya masharubu yangu. Kidole kikarudi na chembe ya kiini cha yai, ya manjano.

Nilingoja. Kusema kwake kulikuwa kumebaki maneno machache, nayo huja kwa taabu.

"Umekula," akasema.

"Nimekula, Mama Watoto. Nimekula kwanza. Nisamehe."

Aliachia mkono wangu. Akafungua kinywa. Akala yai, akala mkate, hakusimama kwenye ile nusu alipozoea kusimama. Akala vyote. Nilipoondoa sahani alinionyesha kikombe, akanywa chai hadi machicha.

Mshonaji hakuinua macho kwenye mshono wake. "Leo umemaliza, dada," akasema. "Siku zote ulikuwa unamwachia huyo bwana."

Niligeuka. "Unasema nini?"

"Kwani hujui? Akishiba nusu anasukuma sahani upande wako. Nilidhani ndivyo mlivyopatana."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa ametazama dirishani, na upande ule wa uso wake usiokufa ganzi ulikuwa umetulia kabisa. Miezi minane nilingoja ashibe ndipo nile. Miezi minane aliona kwamba sili ila alichoacha, basi akaacha. Sisi wawili tulikuwa tumeketi mbele ya yai moja, kila mmoja akijinyima kwa ajili ya mwenziwe, na wote wawili tukipukutika. Nilijua kwamba hapo mtu hulia. Niliosha sahani.

Yaliyobaki ni majuma saba, nayo hayana masimulizi. Ndizi saa kumi na mbili, chuma saa moja, mayai saa mbili. Bonge alinipa unga wake mara moja kwa upendo. Niliuonja nikamrudishia, nikamwambia hata chokaa ina adabu kuliko huo. Kocha alipima paja. Lilirudi mahali pake, kisha likasogea mbele kidogo.

Siku ya mwisho mwanangu alikuja na gari, akalishusha sanduku tupu la mama yake kutoka juu ya kabati, akalitia ndani ya buti. Nesi akaketi pembeni na kalamu. Mke wangu nilikuwa nimempima juma hilo kwenye mizani ya kliniki: alikuwa ameongezeka kilo mbili na nusu. Kazi yangu ya miaka yote ilinifundisha kwamba kilo mbili na nusu ni kilo mbili na nusu.

Niliinama, nikaweka goti moja kati ya miguu yake, nikafunga mikono nyuma ya mgongo wake, nikasimama. Mara ya kwanza, sawa. Mara ya pili mapaja yaliwaka. Mara ya tatu, katikati ya kitanda na kiti, pale pale pa Jumanne ile, goti la kulia lilianza kucheza. Mwanangu akapiga hatua moja mbele.

"Kaa," nesi akamwambia.

Ndipo nikahisi mzigo unapungua. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekanyaga sakafu nao unasukuma, ule mguu ambao miezi yote ile ulining'inia kwa kukosa nguvu za chakula, ingawa ndio mzima. Tulipanda pamoja. Nikamzungusha, nikamketisha kitini, nikamwekea mto.

Nesi akaandika, akatia sahihi. Mwanangu akaenda kulitoa sanduku garini, akalirudisha juu ya kabati lilipokuwa.

Sikuhisi furaha ninayoweza kuisimulia. Nilihisi miguu yangu ikitetemeka, na hiyo nilishukuru kuihisi. Nilitazama saa ya ukutani, nikaenda jikoni, nikakaanga mayai matano, nikaleta sahani mbili.

Mke wangu alishika kijiko chake kwa mkono wa kushoto, asikichovye popote.

"Kula," akasema.

Nikala.