Chupa ya Mwisho Yenye Moto

...na joto hupotea haraka zaidi kadiri nje panavyokuwa na baridi zaidi, kanuni hiyo niliifundisha hapa Bethlehem, mji wetu wa kusini mwa Afrika, hadi nikastaafu, sasa imenifuata sebuleni, nimesimama na chupa ya plastiki ya lita mbili, maji yake yamechemka, ndiyo ya mwisho, gesi imekwisha birika likiwa linaanza tu kulia, umeme hakuna tangu jana, upande wangu wa kulia tangi la samaki, lita mia mbili, nyuzi kumi na tisa na zinashuka, samaki wanne wa duara kama visahani wameinamia ubavu, nimewazungushia kioo blanketi la Kisotho, kushoto kitanda, na miguu ya mke wangu, Mama Palesa, niliyoigusa sasa hivi ikawa kama chuma cha geti... lita mbili katika mia mbili haziongezi hata nyuzi moja, hesabu ya mtoto wa shule, jibu ni kitandani, basi kwa nini sisogei... “Ntate Tsotetsi!” baba Tsotetsi, ndiye mimi, anayeita ni jirani, Mme Matshidiso, kwetu mme ni mama, ng'ambo ya ukuta, “samaki bado wazima, au nilete vitunguu tuwakaange?” anacheka, namuuliza habari ya gesi, “Gesi? Ningekuwa nayo ungenisikia nikipiga kelele huku nje? Dukani wamefunga, na transfoma wanasema wataitengeneza kesho, hiyo kesho yao ya tangu jana,” kisha, kwa sauti ya chini, “Na Mme hajambo?” hajambo, nasema, hajambo... samaki aliwanunua mke wangu, kila mmoja akampa jina la shangazi, akanifundisha kuwalisha kwa vidole, “Taratibu, Mwalimu, hao si wanafunzi wako,” na hadi juzi nikikaribia kioo walikuwa wanakuja, wote wanne, wanakuja kwangu... “Fundi,” anasema mke wangu kutoka kitandani, kwake mimi ni fundi, si mume, tangu mvua zilipokatika, “fundi, hilo blanketi ni langu la harusi, mume wangu akikukuta nalo utamwambia nini?” nitamwambia nimeliazima, Mme, “Haya, ila ni mkali huyo, anapenda mahesabu,” na anatabasamu, kwa ajili yake, huyo mkali, tabasamu ambalo sijaliona likinielekea tangu niwe fundi... kumbe ndiyo sababu, ewe Tsotetsi, unawapimia joto wale wanaokujua, na huyu hapa unampigia hesabu kama mgeni, miguu yake inaganda nawe unawaza vidole vyako ndani ya maji... “Fundi, umeme ukirudi utakwenda kwako, sivyo?” nitakwenda, Mme, “Basi usiharakishe, nyumba hii ina baridi mtu akiwa peke yake,” na theluji ya milima ya Maluti inapitisha pumzi yake chini ya mlango, chupa bado iko mikononi mwangu, inanipasha mimi, mimi peke yangu, inapoa, na friji limekaa kimya pale jikoni, tangu jana nimelitegea sikio lingurume, lingurume tu, na sasa naliomba lizidi kunyamaza, fundi asije akaambiwa aende.