Kadi ya Kongosho

Nyumbani walimwita Bi Kadi, na jina likamkaa. Kwa miaka tisa alikuwa karani wa kamati ya majina ya viungo, kazi ambayo ukiieleza kwenye arusi watu wanaangaliana. Kamati ilitaka jambo moja tu: kila kiungo cha mnyama mwenye uti wa mgongo kiwe na jina moja, liwe lile lile kwa samaki, kwa ndege, kwa ng'ombe na kwa mtu. Rahisi, siyo? Thubutu! Vikao viwili vizima viliishia kwenye ugomvi wa wengu na bandama, majina mawili ya kiungo kimoja, daktari wa mifugo akipiga meza, mwenye bucha akisusa chai, mpaka wakapiga kura kama wabunge.

Kila jina liliandikwa kwenye kadi na maelezo yake: kiungo kiko wapi, kinapakana na nini, kinafanya kazi gani. Kabla kadi haijafika kikaoni, Bi Kadi alimsomea kwanza mama yake jikoni. Mama alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwenye elimu ya darasa la saba na miwani iliyofungwa uzi. Akielewa, kadi imepita. Asipoelewa, "Kaandike upya, hayo ni maneno ya kutishia watu." Kadi elfu mbili na ushee zilipita kwake namna hiyo.

"Kongosho," Bi Kadi alimsomea siku moja. "Tezi laini iliyolala nyuma ya tumbo la chakula. Ina kichwa, mwili na mkia."

"Kichwa na mkia? Hicho ni kiungo au mjusi?"

Walicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Mwaka jana hospitali ya mji ikakubali kuandika majibu ya vipimo kwa majina ya kamati, ili mgonjwa ajisomee mwenyewe. Aliyepigania hilo ni Bi Kadi, kwa barua, kwa simu, kwa kukaa kwenye mabenchi ya wakubwa mpaka wakamchoka. Alipigiwa makofi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba anaweza pia kumtumbukiza mama yake.

Maana mama alianza kuwashwa mwili mzima. Kisha macho yakawa ya manjano, nguo zikampwaya, akawa anazipunguza mwenyewe kwa cherehani.

"Wewe si ndiye mwenye viungo?" kaka mkubwa alimwambia Bi Kadi. "Hebu mwangalie."

Nyumba ile iliamini kwamba anayejua jina la kitu anajua na dawa yake. Jamani, majina hayatibu hata mafua! Bi Kadi alimpeleka hospitali. Siku ya picha ya tumbo yeye alikuwa mbio mbio kutafuta faili lililopotea, na mama akatoka chumba cha picha na bahasha yake, akaketi kwenye foleni ya daktari. Zamu yao ilipofika, daktari aliisoma, akamwomba mama apumzike nje kidogo, akamsogezea Bi Kadi karatasi.

Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Umebana mfereji wa nyongo. Madoa mengi kwenye ini.

Hapakuwa na neno hata moja asilolijua. Alijua mishipa inayopita pale na utumbo unaokizunguka kile kichwa. Alijua hata kwamba kwa samaki wengi tezi hiyo haina umbo, imetawanyika tu kama chumvi. Alijua yote hayo, na hakuna hata moja lililomsaidia.

"Uvimbe haukatiki?" aliuliza.

"Ungekatika kama ini lingekuwa salama," alisema daktari. "Sasa tutampunguzia maumivu. Ni miezi michache."

Alimpigia kaka simu akiwa amejibanza nyuma ya mlango wa ngazi.

"Mwambie ni vidonda vya tumbo," kaka alisema. "Usimuue kabla ya siku yake. Kama unampenda, sema vidonda."

Akasema vidonda. Dawa za wiki mbili tu, mama, na usile pilipili. Mama akajibu, "Haya."

Walipofika nyumbani mama alivua viatu, akaketi jikoni, akapumua kwanza.

"Ile bahasha haikuwa na gundi," alisema. "Foleni ilikuwa ndefu, na miwani ninayo."

Bi Kadi alishika meza.

"Kichwa cha kongosho, nikajua ni wapi. Mfereji wa nyongo, nikajua kwa nini macho yangu yako hivi. Nimeelewa mwanzo mpaka mwisho, mwanangu. Umeandika vizuri."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Uvimbe umeuweka wewe?" Mama alijikuna mkono. "Vidonda vya tumbo amekwambia nani?"

"Kaka."

"Nilijua. Huyo hawezi kuniona nikilia. Basi asijue kwamba najua. Akijua ataacha kazi, akae hapa akinichungulia kama maziwa ya motoni."

"Siwezi kudanganya huku na huku, mama."

"Utaweza. Na mimi nitakusaidia."

Jioni kaka aliingia na mfuko wa machungwa na kelele nyingi. "Mama! Vidonda tu! Kuugua si kufa!"

"Nimeambiwa, baba. Wiki mbili tu," alisema mama, akavuta bakuli la uji, akameza vijiko vitatu ili mwanawe aone. Cha tatu kilimkaa kooni, akakisukuma na maji akitabasamu. Kaka alicheka, kisha akageuka haraka kufuta macho, na mama akajifanya anatafuta kitambaa.

"Si ndivyo, Bi Kadi?" kaka aliuliza. "Vidonda tu?"

Wote wawili walimtazama, mama na mwana, kila mmoja akimwomba kimya kimya amlinde mwenzake. Wa kumlinda yeye hakuwapo.

"Ndiyo," alisema. "Vidonda tu."

"Umeona?" mama alimwambia kaka. "Na huyu ndiye anayejua."