Honi Iliyokuja na Mteja

Fundi wa magari, aliyekuwa na gereji uani kwao, hakupenda mteja aje na vipuri vyake, lakini mteja mmoja, mshonaji wa nguo, alimbembeleza mpaka akakubali kumfungia kwenye gari lake honi aliyoinunua kwa wauza vipuri vya mtumba. Alipoijaribu, mama yake fundi akaita kutoka chumbani, "Mfungulie kaka yako geti."

Fundi akaondoa kidole kwenye honi. Kaka yake alifia ajalini mwaka juzi, na honi ya gari lake ililia vivyo hivyo, kwa mkwaruzo mwishoni.

"Itoe tu, nitatafuta nyingine," mshonaji alinong'ona.

Fundi akaing'oa, akaiweka mezani, nyaya zikining'inia. Ikalia tena.

"Jamani, mwanangu atasimama nje mpaka lini?" mama aliuliza.

Fundi akafuta mikono, akaenda kufungua geti.