Tumbo la Saisi

Jumatatu ya mwisho ya Machi, mwaka juzi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kibii aliegemea ubavu wa farasi aitwaye Malkia akaweka sikio tumboni. Ndivyo alivyoanza kila siku kwa miaka ishirini na mbili aliyokuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika shamba moja kati ya Njoro na Rongai. Tumbo la farasi mzima hunguruma muda wote kama sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yakichemka. Likinyamaza, utumbo umeanza kujisokota, na farasi anaweza kufa kabla ya jua kutua.

Asubuhi hiyo tumbo la Malkia lilikuwa kimya. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha wiki iliyotangulia na mtu alikuwa amemtupia nyasi mbichi nyingi mno. Kibii hakuondoa sikio. Baada ya muda Malkia alijamba, akarudia chakula chake, na Kibii akaanguka chini akishika tumbo.

Gedion, meneja wa shamba, alifanya kinachofanywa. Alimwinua Kibii akamzungusha uwanjani, maana mwenye msokoto akiachwa agaagae, utumbo hujifunga. Daktari wa mifugo, Ritu, alifika kutoka Nakuru, akampima Malkia akamkuta mzima. Kisha akamsikiliza Kibii tumbo, kushoto na kulia.

"Hii ni ya farasi," alisema. "Na mimi sina leseni ya watu. Atembezwe tu."

Kliniki ya mjini ilimpa Kibii dawa ya vidonda vya tumbo na kumkataza maharagwe. Alikuwa hajala maharagwe.

Kwenye mlango wa stoo kulikuwa na karatasi aliyoiandika Ritu mwenyewe. Msimu ukibadilika, nyasi mpya zichanganywe na zile kavu, kidogo kidogo, kwa siku kumi. Maji yasikatike, chumvi iwepo, na farasi mwenye njaa asifunguliwe malisho mabichi. Hapo nyuma Gedion aliifuata, ingawa ilikula wafanyakazi watatu kutwa nzima. Sasa aliwahamishia watatu hao kwenye viazi. Kinga ni bora kuliko tiba, na Gedion aliona kinga tayari anayo: ina miguu miwili na inaripoti kazini yenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Krismasi alimpa Kibii kilo nne za sukari.

Ikawa hivyo Oktoba, ikawa hivyo Machi iliyofuata, na Oktoba tena. Farasi walinenepa, Kibii akatoboa mshipi wake tundu mbili mpya. Wenye farasi wa upande wa Naivasha walikuja kuuliza siri ya shamba lisilo na msokoto, na Gedion akawaonyesha ile karatasi mlangoni.

"Mzee, hiyo utumbo yako si ya farasi," Ritu alimwambia Kibii. "Siku moja itajifunga, na mimi siwezi kukupasua."

Kibii alimwendea Gedion akiwa amevua kofia.

"Boss, mimi sijakataa kazi. Mniwekee tu zile siku kumi."

"Mzee," Gedion alisema kwa upole, "hizo siku kumi ni za watu wenye hawana wewe."

Mwaka huu mvua ilichelewa hadi Aprili, kisha ikaja yote kwa pamoja. Nyasi zilifika magotini kwa siku chache. Gedion aliamua kuwafungulia farasi wote kumi na tisa asubuhi moja, kabla hawajalishwa. Jepkorir, mke wa Kibii, alipata habari hiyo kisimani. Siku ilipofika alisimama mlangoni.

"Baba Cherop, leo huendi. Wacha huyo Gedion aweke sikio yake."

Kibii akakaa. Alikunywa chai vikombe viwili, akatengeneza mguu wa kiti. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote alizopata mwaka huo.

Kisha simu ikalia. Malkia alikuwa chini, anagaagaa, jasho linamtiririka. Kibii ndiye aliyempokea mikononi siku alipozaliwa, na alimpenda. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Jepkorir alijua. Alimpa sweta akatoka naye.

Kibii alianza na Malkia. Matumbo ya wengine kumi na wanne yalikuwa yamenyamaza pia, naye akawapitia mmoja mmoja, wawili wa mwisho akiwa ameshikiliwa kwapani. Saa nne wote kumi na tisa walikuwa wanakula. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Ya farasi hawakuifikia.

Ritu alipigiwa simu akauliza ni farasi yupi. Alipoambiwa ni kumi na watano na wote wako kwa mtu mmoja, alisema apelekwe hospitali mara moja. Gedion alieleza kwamba gari limeenda na viazi na litarudi jioni. Basi atembezwe, alisema Ritu, na asikubaliwe kulala.

Jepkorir akamshika mumewe mkono wakaanza kuzunguka uwanja. Wafanyakazi waliwapisha njia. Gedion alimwandikia mwenye shamba, aliyeko Nairobi, kwamba mvua imeanza vizuri na hakuna aliyeugua. Alijibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Saa nane mchana walikuwa bado wanazunguka. Gedion alitoka ofisini, akatembea kando yao nusu mzunguko.

"Mathe," aliuliza hatimaye, kwa heshima, "wewe masikio yako yako sawa? Yote mawili?"

Jepkorir aliupitisha mkono wa Kibii shingoni mwake. Walikuwa wamefika kwenye kona, na magoti ya Kibii yalikuwa yameanza kukunjika.