Rejeta ya Pili

Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa nane mchana, injini ya Datsun ilikufa katikati ya mlima wa Kalama, Kavindu akiwa kiti cha pembeni anatafuta pumzi, wakielekea hospitali.

Mvua ilikuwa imegeuza barabara uji. Ndunda, mumewe, alikuwa amepanda kwa gia ya kwanza tangu mtoni, injini inalia, jicho lake kwenye mshale wa maji, na mshale wa maji umetulia kabisa. Kumbe kilichopata moto ni oili. Oili ikipita kiasi cha moto huwa nyepesi kama chai ya rangi, haishiki chuma tena. Kukasikika kishindo kimoja, kisha mvua peke yake. Kavindu alimshika mkono akamwambia asihangaike. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho.

Gari la wagonjwa lilikuwepo, na hilo ndilo lililomkaa Ndunda kooni. Lilikuwa limeegeshwa mjini, limeoshwa likaosheka, tangi kavu, kwa sababu mkubwa wa kuweka sahihi ya mafuta alikuwa ameenda semina. Ndunda aliacha shule darasa la nne, lakini neno semina alilielewa vizuri. Tangu hapo akisikia mtu mwenye ofisi anatajwa, hata kama ni mwenyekiti wa mradi wa maji, anatema mate kando. Kwenye mazishi ya Kavindu wakubwa walileta hotuba. Barabara hawakuleta.

Datsun yenyewe ilikuwa gari la mbio la zamani, milango miwili na pua ndefu. Tajiri wa shamba la kahawa aliyemwajiri Ndunda udereva alimwachia alipohama. Ndani ya gari hilo ndimo alimoletwa Kavindu nyumbani akiwa bibi harusi, na rangi ya chungwa aliichagua yeye. Baada ya mazishi Ndunda alilifunika turubai. Kuku wakapata mahali pa kutagia. Na Mueni, binti yao wa pekee, akaapa kwamba hatakanyaga tena humo.

Basi mwaka huu Mueni alirudi kukaa kwa baba yake, mimba ya pili ikiwa imekua, mumewe akiwa kwenye kazi ya ujenzi huko Kinanie. Mtoto wa kwanza, msichana, alichukua jina la mama mkwe, kama ilivyo desturi. Msichana wa pili huchukua jina la mama wa mama yake, na hapa ni Kavindu. Kliniki ilikuwa imeshamwambia ni msichana. Ndunda alipewa habari hiyo. Alitoka nje akaanza kufungua kamba za turubai.

Aliisuka injini upya, pole pole. Kisha akashuka mjini kwa Abdiwahab, anayeuza vipuri vya magari yaliyobomolewa, akamweleza anataka oili ipoe kabla haijarudi kwenye injini. Abdiwahab alimtolea rejeta ndogo ya kupozea oili, paipu zake mbili, na kisahani cha chuma cha kukaa kati ya injini na filta. Ndani ya kisahani mlikuwa na thamostati. Ndunda akauliza kazi yake. Akaambiwa oili ikiwa baridi inafunga njia, oili inarudi moja kwa moja kwenye injini. Ikipata moto inafungua, oili inaenda kupozwa.

“Kwa hivyo hii ni askari wa geti,” Ndunda akasema. “Inakaa mlangoni inaamua nani apite.”

“Mzee, hiyo ni nta na springi tu. Haina cheo.”

“Wote huanza hivyo.”

Alipofika nyumbani akaing'oa, kama mafundi wengi wanavyong'oa ile ya maji wakidhani wameipa injini uhuru. Akafunga rejeta mpya mbele ya ile ya maji, juu, mahali ambapo mawe ya Kalama hayafiki. Kwenye dashibodi akaongeza mshale wa pili, wa joto la oili. Kila nati aliikaza, akaifuta, akarudi kuikaza tena.

Asubuhi ya kuijaribu ilikuwa ya Julai, ukungu umelala mpaka mlangoni. Mueni alisimama mbali, amejifunga shuka. Ndunda akawasha. Oili ya baridi ile ilikuwa nzito kama uji uliolala, na sasa ililazimishwa kuzunguka rejeta yote kupitia paipu nyembamba. Injini ilipokanyagwa kidogo, paipu ikachomoka kwenye kiungo chake na oili ikatapakaa mchangani.

Ndunda alizima. Akapiga magoti pale pale akaanza kuwalaani waliojenga barabara, walioiacha iharibike, na wanaokaa ofisini wakinywa chai. Mueni alimwacha amalize, kisha akaja akainama kwa shida kando yake.

“Ulitoa nini, Nau?” Nau, yaani baba kwa Kikamba, ndivyo alivyomwita tangu utotoni.

Ndunda akatoa ile thamostati mfukoni mwa shati. Mueni aliichukua. Aliiingiza jikoni, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji iliyokuwa motoni tayari kwa chai, wakainamia wote wawili vichwa vikigusana. Maji yalipokaribia kuchemka, kijipini chake kikaanza kusogea, taratibu, bila kusukumwa na mtu, mpaka njia ikawa wazi.

“Umeona?” Mueni akasema. “Hii haiendi semina.”

Ndunda alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye kigoda, na kicheko kiligeuka kitu kingine ambacho Mueni alijifanya hakioni. Alimpelekea maji ya moto bafuni anawe.

Siku iliyofuata thamostati ilikuwa mahali pake na kiungo kimekazwa upya. Ndunda hakumwomba Mueni apande. Alifuta tu kile kiti cha pembeni, akaacha mlango wazi. Mueni alisimama pale kwa muda, mkono tumboni. Halafu akaingia.

Walipanda kutoka mtoni kwa gia ya kwanza. Mshale wa oili ukapanda, ukapanda. Kisha ukasimama palipotakiwa, ukakaa. Walipita pale injini ilipokufa siku ile. Mueni aliweka mkono wake juu ya mkono wa baba kwenye gia, akauacha hapo mpaka kileleni.

Juu ukungu ulikuwa umeinuka, na mabati ya hospitali yakaonekana kule bondeni. Ndunda alisema sasa usiku au mchana, mvua au jua, atamfikisha, hilo asiwe na wasiwasi nalo.

“Najua utanifikisha,” Mueni akasema. Alikuwa bado anayatazama yale mabati. “Na tukifika, Nau, tutamkuta nani kazini?”