Maji ya Rangi ya Chai

Mama mkwe wangu alikuja kwetu kwa mwezi mmoja, akamaliza saba. Alikuwa amevunjika nyonga, na daktari alisema atembee ndani ya maji kila siku, la sivyo mguu utakakamaa. Sisi tuna bwawa la kuogelea uani. Basi ikawa asubuhi bwawani, mchana jikoni kwangu, ananielekeza namna ya kukata vitunguu. Mimi, mama wa watoto watatu!

Nilimchoka. Sina haja ya kuzungukazunguka.

Wiki ile fundi wa bwawa alimwaga maji ya zamani, akajaza mapya ya kisima. Yalikuwa meupe pe. Akachota kidogo kwenye kichupa, akadondoshea dawa ya kupimia, akatikisa kichwa.

"Dada, maji haya yana chuma kingi. Kwa macho hukioni. Nitakuletea dawa ya kukiondoa. Kabla ya hapo usitie klorini hata kifuniko kimoja, yatageuka chai papo hapo."

"Yana madhara?"

"Kwa mtu, hapana. Yanachukiza tu."

Kesho yake mama alisimama penye ngazi ya bwawa, kafumba macho, anahesabu hatua. Mume wangu alikuwa barazani na gazeti lake. Nikapita na galoni la klorini, nikamimina taratibu nyuma ya mgongo wa mama. Nikalirudisha stoo, nikaja na taulo.

Wingu la kahawia lilianzia nyuma yake, likamzunguka kiunoni.

"Mama!" niliita, kwa sauti ya kumfikia mume wangu. "Mama, vipi tena?"

Akafumbua macho, akatazama chini. Akajishika nyuma kwa mkono. Mume wangu alikuja mbio, akaona, akageuza uso.

"Sikujisikia," mama alisema. "Haki ya Mungu, mwanangu, sikujisikia."

"Usijali, mama. Ni utu uzima."

Nilimfunga taulo. Nilifurahi, sitadanganya. Jioni nikamwekea kitandani pakiti ya nepi za watu wazima, na hakuingia tena majini.

Fundi alichelewa wiki tatu kuleta dawa yake. Alipoona bwawa, alipaza sauti: "Nani katia klorini humu? Dada, si nilikwambia yatageuka chai?"

Mume wangu aliniangalia, akaniangalia tena. Kisha akamshika fundi mkono, akaingia naye chumbani kwa mama. Walimweleza kila kitu: ni chuma, ni klorini, hakujichafua hata kidogo. Nilisimama mlangoni, nasubiri kuulizwa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu, akanipungia nisogee.

"Ni wewe uliyewapanga hawa, eti?" Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Umejua kunisitiri. Hata binti niliyemzaa asingenifanyia hivi."

"Mama, sikiliza," mume wangu alisema. "Ni yeye ndiye—"

"Basi, mwanangu. Usimtie aibu mkeo kwa wema wake. Mimi najijua."

Mkoba wake ulikuwa umeshafungwa, nepi juu kabisa. Alitaka kurudi kwake siku ileile. Mume wangu alimpa bega, akalikataa. Mguu ulikuwa umekwisha kukakamaa, haukunjiki tena, na aliniegemea mimi mpaka kwenye gari.