Namba Iliyokataa Kutulia

"Mimi sibahatishi," mtafiti mmoja kijana alimwambia kila mwenye masikio pale maabara ya kupimia vyuma, na wengine ambao hawakuuliza. "Chuma chenyewe kinaniambia kitakatika kwa mzigo gani. Kazi yangu ni kusikiliza tu."

Wenzake wakambatiza papo hapo: Sibahatishi. Naye akalivaa jina hilo kama koti jipya.

Jumapili moja chuma kikamnunia.

Alikuwa sebuleni kwa mama yake mdogo, aliyemlea, laptopu magotini. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa kiwiko cha chuma, kipande kilichopinda kama mkono wa mtu anayeringa. Kiwiko chenyewe kingevunjwa kesho yake kwenye mashine ya maabara, na kabla hakijavunjwa yeye alitakiwa atabiri kitahimili tani ngapi. Akipatia, nafasi moja iliyobaki ya kuendelea na utafiti ni yake. Akikosa, inakwenda kwa jirani yake wa meza, kijana mpole asiyejua kujisifu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kompyuta haijui chuma, inajua vijumba. Unakigawa kiwiko katika vijumba tele, kila kimoja kinamsukuma mwenzake, kompyuta inajumlisha ugomvi wote. Kisha unavifanya vijumba kuwa vidogo zaidi: jibu linasogea. Unavipunguza tena: linasogea kidogo tu. Mwishowe linatulia, na lililotulia ndilo la kuaminiwa.

Lake halikutulia. Vijumba vikubwa vilisema tani tisa. Vidogo, saba. Vidogo zaidi, tano. Akaenda jikoni, akarudi bila kukumbuka alifuata nini. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Ugonjwa aliujua fika, hata mtihani aliwahi kuujibu: kona ya ndani ya kiwiko alikuwa ameichora kali kama wembe, wakati ile ya kweli imeviringwa. Kona ya namna hiyo, kadiri unavyoichungulia kwa vijumba vidogo, ndivyo hesabu inavyozidi kukitangaza chuma kuwa dhaifu, na haina pa kukomea. Dawa ni kuichora upya na kuanza moja. Lakini utabiri ulitakiwa siku ileile, na uvivu nao ukishakaribishwa kiti huwa hauagi.

"Mwanangu, mbona huketi?" mama mdogo aliuliza, akikunja nguo. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Nakisikiliza chuma, mama mdogo."

"Kinasemaje?"

"Kila nikikiuliza kinabadili maneno."

"Basi hicho ni cha ukoo wa baba yako."

Hapo akakumbuka kwamba mwaka uliopita maabara iliwahi kuvunja kiwiko kinachofanana na hiki, kikakatika kwenye tani sita. Akarudi kwenye vijumba. Akavipanua kidogo, akavibana kidogo, ulimi nje, mama mdogo akichungulia begani kwake, mpaka kioo kikaandika sita na ushei. Akapiga mluzi, akautuma utabiri.

Jumatatu akamleta mama mdogo maabara, maana sifa bila mpiga makofi ni kelele. Walimkuta msimamizi wa utafiti, mama wa makamo ambaye wote walimwita Daktari ingawa hajawahi kumdunga mtu sindano. Mashine ikaanza kukikandamiza kiwiko. Sibahatishi alisimama kwa mguu huu, akahamia mwingine, akafunga kifungo cha shati kilichokuwa kimefungwa.

Kikalia *ta*. Tani sita na ushei.

Jirani wa meza akampa mkono. Mama mdogo akapiga makofi peke yake, yakatosha.

"Hongera, nafasi ni yako," Daktari alisema. "Na nimefurahi kwa sababu nyingine. Viwiko vya paa la uwanja mpya wa mpira tuliopewa kuukagua ni vikubwa, mashine hii haiviwezi. Hivyo tutavipima kwa modeli yako ya kompyuta tu, bila kuvunja hata kimoja. Watu watakaa chini yake."

Sibahatishi akavitazama vipande vya kiwiko pale mashineni. Alifungua mdomo aseme neno la maana. Mdomo, kwa mazoea, ukasema, "Mimi sibahatishi, Daktari."

"Kweli kabisa, mimi ni shahidi," mama mdogo akadakia. "Mtoto huyu ana subira. Kompyuta ilimletea tisa, akaikataa. Ikamletea saba, akaikataa. Ikashuka zaidi, akaikataa vilevile. Akaibembeleza, akaibembeleza, mpaka ikasema sita. Ndipo akapiga mluzi."

Jirani wa meza akagundua kwamba dari ina mambo mengi ya kutazama.

Daktari hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alivuta kiti mbele ya kompyuta, akakipigapiga mgongo kama anayemwita mgonjwa.

"Kaa hapa, Sibahatishi. Vifanye vijumba kuwa vidogo zaidi, sote tunaona."

Akakaa. Vidole vilizunguka juu ya vitufe bila kutua.

"Mama," Daktari aliuliza taratibu, "baada ya saba ilikuja ngapi?"

"Tano," mama mdogo akajibu kwa fahari, akisogeza kiti chake karibu apate kuona vizuri.